Nahodha Slocum na Kimya cha Buenos Aires

Kitabu cha Joshua Slocum, Sailing Alone Around the World, kilichotoka mwaka 1900, husifiwa mno kwa ujasiri wa mwandishi wake. Sawa, ujasiri upo. Mtu aliyeondoka Boston Aprili 1895 peke yake, katika chombo cha futi 36 na inchi 9 alichokiunda upya kwa mikono yake, akaizunguka dunia na kurudi Juni 1898, si mtu wa mchezo huyo. Lakini ujasiri ni sifa ya baharia, si ya kitabu. Sisi tuulize: je, tawasifu hii inatupa ukweli wa maisha ya mtu aliye peke yake baharini?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Kurasa bora ni zile zisizo na tukio. Kutoka Juan Fernandez hadi Samoa, mwaka 1896, alikaa siku 72 bila kutia nanga. Mwingine angetujazia dhoruba. Slocum anatueleza samaki warukao walioanguka sitahani usiku, asubuhi wakawa kitoweo. Anatueleza mapishi yake, na vitabu anavyosoma huku chombo kikijiongoza chenyewe. Baadaye, katika Bahari ya Hindi, alisafiri siku 23 hadi visiwa vya Cocos, na anasema hakushika usukani zaidi ya saa tatu kwa jumla. Hebu fikiri, ndugu msomaji: siku 23, na kazi ya saa tatu! Kinachomkabili hapo si wimbi tena. Ni muda tele, na hakuna wa kuongea naye.

Ndiyo maana anapoingia Atlantiki anampigia kelele mshika usukani asiyekuwepo, akimuuliza chombo kinaelekea wapi. Kimya. Anaanza kuimba, sauti isije ikampotea. Hata maradhi ya tumbo yaliyomlaza baada ya Azores anayageuza kuwa mgeni: eti rubani wa Pinta, jahazi la Columbus, kaja kumshikia usukani. Wako wanaosema haya ni vichekesho tu. Siafiki. Kichekesho ndiyo fani aliyoichagua ili aseme upweke bila kuutaja.

Fani hiyo ina gharama yake. Mkewe Virginia, aliyesafiri naye miaka mingi na kujifungua watoto humohumo melini, alifariki Buenos Aires mwaka 1884, akazikwa huko. Slocum anafika tena mji huo na Spray. Anatusimulia habari za mwenye duka aliyetangaza kwamba nyota yenye mkia itaiangamiza dunia, kwa hiyo anauza kwa bei yoyote. Tunacheka. Kaburi je? Hata neno. Msomaji asiyejua maisha yake anapita hapo bila kuhisi chochote, na huo mimi nauita upungufu wa kitabu, si ustadi.

Mlango-bahari wa Magellan unaonyesha mengine. Wenyeji walipomfuata na mitumbwi, alibadili nguo akatokea upande wa pili wa chumba ili waone watu wawili, na kipande cha mti alichokikata chomboni Buenos Aires akakivika kama baharia wa tatu, akakitingisha kwa kamba. Ni picha kali kuliko zote kitabuni: mpweke anajitengenezea mabaharia kwa nguo kuukuu. Lakini waliokuwa mitumbwini je? Kwake ni washenzi, wahusika bapa. Wa kukumbukwa ni Black Pedro tu, naye kaletwa kama muuaji. Hatari ilikuwepo, sikatai. Ila miaka hiyohiyo wafugaji wa kondoo walikuwa wakiwaua wenyeji wa Tierra del Fuego na kupora ardhi yao, na yeye anatuchekesha kwa misumari ya zulia aliyoitandaza sitahani ili miguu pekupeku iikanyage usiku. Nahodha huyuhuyu aliuamkia mwezi kwa adabu na kuzungumza nao mara nyingi. Wale waliopaza sauti kumwomba kutoka mtumbwini, aliwajibu kwa risasi.