Hakikisha: Kasoro Iliyotangazwa Kama Huduma Mpya

Hakikisha ya M-Pesa, hatua inayomwonyesha mtumaji wa pesa kwa simu jina la mpokeaji kabla hazijaenda, ilikuwa marekebisho ya kasoro. Kuitangaza kama huduma mpya kulikuwa kosa, na kosa hilo linaonekana hadi kwenye muundo wake. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mtumaji aliweka nambari ya simu, kiasi na nambari ya siri, kisha akaonyeshwa nambari na kiasi tu. Jina la mpokeaji lilikuja kwenye ujumbe wa uthibitisho, pesa zikiwa zimeshaenda. Muuza samaki wa Tudor aliyekosea tarakimu moja alisoma jina la mtu asiyemjua, na hapo tena hana la kufanya ila kupigia simu huduma kwa wateja. Jina lilikuwa kwenye seva tangu mwanzo. Lilionyeshwa tu wakati usiofaa.

Wapo wanaotetea kwamba programu ilitekeleza ilichoagizwa, na kwamba menyu ilikaa kwenye laini, hivyo kuleta jina kulihitaji mzunguko mwingine hadi kwenye seva. Ni kweli, lakini ugumu wa kurekebisha tatizo haubadilishi aina yake. Mtafiti wa programu za kompyuta, Swanson, aliainisha matengenezo ya programu mwaka 1976: kusahihisha, kwenda na mazingira, kuboresha. Mpaka wa fungu la kwanza ni ahadi: kilichoahidiwa kisipotimizwa, kukitimiza ni kusahihisha. Na tangazo la M-Pesa la 2007 liliahidi pesa kufika nyumbani.

Hakikisha ilipokuja mwaka 2015, mtumaji alishaweka nambari ya siri ndipo jina likatokea, akapewa sekunde zisizofika 30 aandike herufi au tarakimu yoyote ili kuzuia. Asipoandika, pesa zinaenda. Bibi anayetafuta miwani anahesabiwa kuwa amekubali. Uamuzi huu ni zao la ule wa kuiita huduma mpya: kipengele kipya hubandikwa kando, njia kuu isiguswe. Kasoro hutibiwa kwenye njia yenyewe, na kwa tiba hiyo pesa zingesimama hadi mtumaji akubali kwa mkono wake. Ndivyo inavyokuwa idara ya matangazo inapopewa kazi ya kuainisha mabadiliko.

Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth hakuwaachia wengine kazi hiyo ya kuainisha. Mwaka 1989 alichapisha orodha ya makosa ya TeX, programu yake ya kupanga chapa, katika mafungu 15: tisa ya kasoro, sita ya maboresho. Kazi iliyosahaulika aliiweka upande wa kasoro, akaikubali kuwa yake. Kwa kipimo hicho, jina lililokosekana 2007 halina pengine pa kwenda.



Anayepitwa na sekunde zile za Hakikisha hupeleka ujumbe wa uthibitisho kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, na mengi hutegemea kama mpokeaji ameshazitoa.