404 Bila Vumbi

Boma lenyewe liko nje kidogo ya mji wa Migori, na mwenyewe ameomba nisiseme upande gani. Sawa. Nitasema tu kwamba ana magari 11 ya zamani chini ya paa la mabati, kwamba nilifika huko Jumamosi moja na kundi la wapenda magari ya kale kutoka Kisumu, na kwamba gari linalong'aa kuliko yote ndilo lililoniudhi.

Mimi si mtu wa magari. Kazi yangu ni kusoma vitabu na kusema nilichokiona. Nilikuwa abiria tu kwenye Volkswagen ya rafiki yangu. Tulishuka na barabara ya A1: Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo. Mara mbili tulisimama kwa sababu kabureta ya mwenzetu iligoma. Kila tuliposimama, vijana walitoa simu wakapiga picha, kisha wazee wakaja nyuma yao. Wazee hawakupiga picha. Waligusa. Mmoja pale Rongo aliweka kiganja juu ya boneti la Morris Minor akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kwa Jaduong' kuna kibao: USIGUSE.

Mkusanyiko wa magari nausoma kama diwani. Mtu amechagua, amepanga, ameacha mengine nje, na mpangilio wake unasema anachokipenda hata akinyamaza. Jaduong' ameweka Mercedes mlangoni, Land Rover pembeni, na katikati kabisa, pahali pa heshima, Peugeot 404 ya mizigo na abiria, nyeupe kama kitambaa cha meza ya harusi. Viti safu tatu. Gia iko kwenye usukani. Namba yake haina herufi mwishoni, kwa hiyo ilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA wa 1989. Mwenyewe aliipata karibu na Rongo, kuku wakilala ndani, na alihangaika nayo miaka sita.

"Nimeirudisha vile ilitoka kiwandani," alisema.

Kundi zima lilipiga makofi. Mimi nikauliza ilikuwaje siku ya kwanza alipoiona. Akasimulia vizuri sana, hadi mafundi wawili wakaacha kazi wakasikiliza. Milangoni kulikuwa na maandishi ya njia, Kisii–Migori–Isebania, yaliyoandikwa kwa brashi na mtu aliyeishiwa na nafasi akabana herufi za mwisho. Kiti cha nyuma kilikuwa kimetolewa, mahali pake pamewekwa mbao ili wakae watu wengi zaidi. Na juu ya paa kulikuwa na matundu manane yaliyotobolewa kushikilia keria.

Maandishi yamepigwa msasa. Mbao zimetupwa. Matundu yamezibwa kwa welding, na fundi aliyeyaziba anajua kazi, manake nilipapasa nisiyaone. (Ndiyo, niligusa.)

Sasa hapa ndipo ninapogombana naye. Nani South Nyanza aliwahi kuiona 404 vile ilitoka kiwandani? Labda afisa mmoja, labda daktari wa misheni. Wengine wote waliijua ikiwa imeshajaa. Baada ya Kenyatta kuruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum mwaka 1973, gari la aina hii lilibeba samaki, mahindi, bibi harusi, mgonjwa na mbuzi, wakati mwingine katika safari moja. Gari lililosimama pale katikati ni zuri, lakini ni kumbukumbu ya kiwanda cha Ufaransa. Ya kwetu imepigwa msasa.

Simlaumu peke yake. Ladha hii ina shule yake. Tangu 1970 Nairobi kuna Africa Concours d'Elegance, inayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na pale majaji hukagua magari hadi chini ya tumbo. Uchafu unakuondolea alama. Ni mashindano halali, na watu wanayoyashiriki wameokoa magari ambayo yangekuwa sufuria leo. Lakini kumbuka kwa nini 404 ilipata jina hapa. Ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. 1968, saba tena. Watu waliosimama kando ya barabara waliipenda kwa sababu ilifika ikiwa imefunikwa matope, na bado inatembea. Ati leo tuisifu kwa kuwa haina doa?

Nilimwambia hivyo, kwa adabu zaidi kidogo. Jaduong' hakukasirika. Alifuta kioo ambacho hakikuwa na kitu, kisha akasema baba yake alirudishwa nyumbani mwaka 1979 juu ya keria ya gari kama hili. Jeneza lilifungwa kwa kamba ya katani, na kamba ikalegea baada ya Awendo, wakalazimika kusimama kulifunga upya huku watu wakitazama.

"Nyathina," akaniambia, "hayo matundu mimi nilikuwa nayaona kila siku. Na mvua ilikuwa inaingia."

Nimelifikiria jibu hilo wiki nzima, na silitupi. Kuna mtu anayeng'arisha kwa sababu anajifanya mkubwa, na kuna mtu anayeng'arisha kwa sababu jambo lilimtia aibu na anataka, mara moja tu, lionekane safi. Nilipoingia bomani nilidhani Jaduong' ni wa kwanza. Nilimsoma vibaya. Hata hivyo gari halijabadilika kwa kuwa nimemwelewa mwenye gari. Mgeni akija kesho bila kusimuliwa ataona Peugeot nyeupe tu. Hadithi ya kamba iko kichwani mwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, na nilipouliza kama kuna picha za kabla ya msasa, alisema zilikuwa kwenye simu na simu iliibwa Migori stendi.

Humo humo katika kaunti ya Migori iko Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha yake mwaka 2018. Liko bado kwa sababu waliohamia baadaye walikaa ndani na kuzirekebisha kuta zake. Hakuna aliyelirudisha vile lilivyokuwa siku ya kwanza. Nadhani Jaduong' angekuwa na ramani nzuri hapo, tena karibu na nyumbani.

Gari bora katika mkusanyiko, kwa macho yangu, liko nyuma kabisa kama mtoto aliyekosa sare: pickup ndogo ya Datsun, rangi imefifia, kitako kimebonyezwa na miwa. Inawaka kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeipiga picha.

Haya yasingekuwa na uzito kama magari haya yangeweza kununuliwa tena. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, na yaliyobaki vijijini yanapimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu. Kila paa linalozibwa limezibwa kabisa.

Na kazi inaendelea. Nyuma ya banda, kwenye nyasi, kuna 504 ya safu tatu, ndugu ya ile iliyoshinda Safari 1975 na 1978. Jaduong' ataanza kuishughulikia Januari. Mlango wa kushoto bado unasomeka: HOMA BAY, na chini yake jina la mwanamke ambalo sitaliandika hapa. Paani, matundu sita.

Nilimwomba aache mlango mmoja. Mmoja tu.

"Tutaona," akasema.

Wakati wengine wanakunywa soda, dereva mmoja mstaafu katika kundi letu alienda kule nyuma peke yake. Alipanda kwenye bampa, akachungulia paa, akaingiza kidole katika tundu moja baada ya jingine, akihesabu. Nje ya lango Probox ilipita kuelekea Isebania, watu tisa ndani na godoro juu.