Nani Hampati Nani

Simu ya upepo ikigoma, mwenye nayo humpelekea fundi taarifa fupi kuliko zote: "Haifanyi kazi." Fundi wa kubahatisha hapo hapo hushika bisibisi. Fundi mwenyewe hasa huiacha redio juu ya meza na kuuliza swali linaloudhi kidogo: "Nani hampati nani?"

Nataka kulisifu swali hilo. Redio ya kusikilizia taarifa ya habari ikinyamaza, ubovu huwa umo ndani yake na hakuna wa kushirikiana nao lawama. Simu ya upepo kazi yake ni ya watu wawili, na ugonjwa wake vilevile. Mlinzi wa getini anampata mwenzake aliye nyuma ya ghala, ila yeye hapatikani. Wa ghalani anampata msimamizi, lakini wa getini hamsikii kabisa. Hapo una redio tatu na malalamiko mawili, na huenda mbovu ni moja tu. Huenda pia hakuna mbovu hata moja.

Nazungumzia zile za bei nafuu kutoka China, ambazo siku hizi ziko kila mahali: kwenye vibanda vya walinzi, kwenye ujenzi wa maghorofa, kwa waandaaji wa harusi wanaohangaikia msafara wa maharusi. Kuna Baofeng BF-888S, isiyo na kioo, yenye swichi ya kuzungusha chaneli 16 na sauti ya mwanamke anayekutajia namba ya chaneli kwa Kichina au Kiingereza. Na kuna UV-5R, yenye kioo na vitufe vya namba, iliyoingia sokoni mwaka 2012 na kwa miaka mingi ikauzwa Marekani kwa dola 25 hivi. Kwa bei hiyo wapo wanaosema kuitengeneza ni kupoteza muda, tupa ununue nyingine. Mimi sikubaliani nao, na si kwa sababu ya hela. Redio mpya ikiletwa kuchukua nafasi ya redio ambayo haikuwa mbovu, ugonjwa unabaki pale pale, na sasa una redio mpya isiyompata mtu.

Jibu la swali la fundi linapunguza kazi kwa nusu. Kama anasikia lakini hasikiki, spika na sehemu kubwa ya njia ya kupokelea ni nzima, tusiziguse. Kama wote hawampati na yeye hampati yeyote, twende kwenye betri, antena, na chaneli aliyoiweka. Baada ya hapo fundi hubadilishana: betri ya redio hii anaiweka kwenye ile, antena ya ile anaileta hapa, kitu kimoja kimoja, na kila mara anajaribu tena. Ugonjwa ukihama na betri, mwizi kapatikana. Hapo bado skrubu haijaguswa.

Betri ina uongo wake ambao mafundi wanaujua vizuri. Ya UV-5R imeandikwa volti 7.4, nayo ni seli mbili za lithiamu zilizofuatana. Ikijaa kabisa hufika volti 8.4. Iliyochoka ukiipima kwa mita ikiwa imekaa tu, itakusomea namba nzuri, na mteja atakuapia kuwa imelala kwenye chaja usiku kucha. Ni kweli imelala. Sasa bonyeza kitufe cha kusemea. Kusikiliza kunakula umeme kidogo sana, lakini kutuma kunataka zaidi ya ampea moja kwa mkupuo, na betri iliyozeeka haina hiyo nguvu. Volti zinaporomoka, kioo kinafifia, redio inazima na kuwaka upya. Ndiyo maana mlinzi husema, "Inasikia vizuri, nikitaka kujibu tu inakufa." Maneno hayo peke yake ni kipimo tosha. Mita inakuja kuthibitisha, ikipima wakati redio inatuma, si wakati imepumzika.

Kuna ubovu mwingine wa kuchekesha. Redio imenyamaza, taa ya kijani inawaka kila mwenzake anapoongea, sauti hakuna. Fundi anachukua tochi na kuchungulia tundu la kuchomekea kisikilizi. Mle ndani kumekatikia ncha ya kisikilizi cha zamani, au kumejaa vumbi la saruji. Lile tundu lina kibati kidogo kinachosukumwa kisikilizi kinapoingia, na kikisukumwa spika hukatiwa sauti. Redio inaamini bosi amevaa kisikilizi. Unachohitaji ni sindano na mkono usiotetemeka.

Lakini ukitaka kuupima ufundi wa mtu, mpe redio yenye toni isiyolingana.

Toni ni mlio wa chini sana unaotumwa pamoja na sauti ya msemaji, kati ya hezi 67 na hezi 254.1. Sikio la msikilizaji haliupati kwa sababu redio yenyewe huuchuja kabla haujafika kwenye spika. Redio iliyopangwa kupokea kwa toni haifungui spika mpaka iusikie mlio iliopangiwa, basi watu wa harusi na watu wa ujenzi wanaweza kuwa kwenye masafa yaleyale bila kusikilizana upuuzi wao. (Wengine hudhani kwamba toni inaficha mazungumzo. Haifichi chochote: aliyeizima kwenye redio yake anawasikia nyote.) Sasa chukua redio mbili nzima, masafa mamoja, moja imepangiwa toni na nyingine haina. Yenye toni inasikika kwa mwenzake bila shida. Mwenzake akijibu, hasikiki. Ukimwuliza mwenye redio atasema maiki ya mwenzake imekufa, na fundi mwenye pupa atambadilishia maiki, kisha atabadilisha kitufe, kisha atalaumu bodi.

Mwenye ujuzi hafiki huko. Kwenye UV-5R anatazama taa: ikiwa ya kijani wakati mwenzake anaongea, mawimbi yanaingia, redio inayapokea, ila kuna kitu kimefunga mlango. Anabonyeza kitufe cha pembeni, kilicho chini ya kile cha kusemea, ambacho hufungua spika bila kujali toni. Kama sauti ya mwenzake inatoka hapo, safi na bila mikwaruzo, kesi imekwisha. Anaingia kwenye menyu: ya 11 ndiyo toni ya kupokea, ya 13 ndiyo ya kutuma. Anasawazisha, anafunga menyu. Kwa BF-888S isiyo na kioo inabidi atafute kompyuta, programu, na waya wa data, na mara nyingi ule waya wa bei chee ndio humsumbua kuliko redio yenyewe, kwa kuwa umetengenezwa kwa chipu ya kughushi ambayo kompyuta inaikataa. Hapo siku nzima inaweza kuishia.

Fundi anayepanga masafa lazima pia ajue kwamba masafa yana wenyewe. Redio hizi zinaweza kutuma mahali pengi ambapo mteja hana ruhusa, na kwa Tanzania ruhusa hiyo hutolewa na TCRA, si na fundi. Wapo wanaompangia mteja masafa yoyote yaliyo kimya wakati huo. Huo si ufundi.

Antena ndiyo huumia zaidi kwa mikono ya watu. Walinzi wengi huibeba redio kwa kuishika antena, kama kuku wa sikukuu anavyoshikwa miguu, na kila hatua inalichosha lile ungio dogo lililolehemiwa kwenye bodi. Likiachia, usikivu unashuka na mawimbi ya kutuma hayapati pa kutokea. Nguvu inayokosa njia inarudi kwenye transista ya mwisho, ile inayosukuma wati nne au tano kwenda nje, nayo hupata moto mpaka ife. Kulehemu ungio upya ni kazi rahisi ukiiwahi mapema. Transista ikishaungua, gharama inaanza kukaribia bei ya redio nzima, na hapo ndipo mimi mwenyewe ningesema nunua nyingine, ila usiitupe hii: spika, kitufe, swichi na betri bado vitaokoa wenzake.

Mafundi wa zamani watakwambia hizi si redio za kujivunia. Wao walilelewa kwenye redio zenye koili na vichujio, ambazo ulizirekebisha kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma ingevuruga vipimo, jicho likiwa kwenye mshale wa mita. Ndani ya UV-5R sehemu kubwa ya kazi hiyo imemezwa na chipu moja, RDA1846, na hakuna pa kuzungusha. Nawaelewa wanaposikitika. Lakini mkono ulipoporwa kazi yake, kilichobaki kwa fundi ni kuuliza, kutazama taa, kubadilishana vipande na kukataa kuamini malalamiko kama yalivyoletwa, na hicho ni kigumu zaidi kufundisha kuliko kulehemu.

Redio ikishapona bado haijapona. Zikiwa mbili juu ya meza moja, hata isiyo na antena itasikika, na hata ile ambayo transista yake ya mwisho imekufa itavujisha mawimbi ya kutosha kufika upande wa pili wa kibanda. Kwa hiyo kijana wa dukani anatumwa nayo mtaani, avuke barabara, apite nyuma ya maghorofa, akihesabu moja mpaka kumi, kisha arudie. Fundi anamsikiliza, anampigia, anamwuliza amepata ngapi. Mteja wakati huo anakodoa macho tu.

Kisha inakuja habari ya malipo. "Sasa fundi, hujafungua hata skrubu moja, unanidai kitu gani?" Nimemsikia mteja akisema hivyo Kariakoo, na fundi akajaribu kumweleza habari za toni, mteja akawa anatazama saa. Mafundi wengine wameshajifunza. Tatizo likiwa la menyu, wanalimaliza kimyakimya, halafu mbele ya mteja wanaondoa skrubu mbili za nyuma, wanapitisha brashi, wanapuliza, wanafunga, ndipo wanataja bei. Siwalaumu.