Jembe na Nyumba: uchaguzi wa Tanzania wa 1965

Uchaguzi mkuu wa Septemba 1965 ulikuwa jaribio la kumpa mpiga kura uamuzi wa kweli ndani ya chama kimoja, TANU. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilipendekeza kila jimbo la Tanzania Bara lipate wagombea wawili, wote wa TANU. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapanga waombaji kwa kura, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama ikateua wawili.

Ubora wa utaratibu huo ulikuwa katika kanuni zake za kampeni. Wagombea walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakahutubia kwa Kiswahili. Ilikatazwa kupigia debe kabila, dini au rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kuwa Rais, Mwalimu Nyerere, anamuunga mkono. Kwa wasiojua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Katika nchi ya wakulima, jembe lilihesabiwa kuwa bahati.

Wananchi waliutumia uhuru huo wa kuchagua bila woga: hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Hapo mbunge alionekana kuwa mtumishi wa jimbo, anayetakiwa kurudi kujieleza. Lakini sera za chama hazikuwa na mshindani, rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana tu, na Zanzibar haikuchagua wabunge. Vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1992.