Kisa na kisasi katika sinema za kale

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza majuzi, kwa sauti ya mtu aliyenifumania: "Prof, kumbe nawe hutazama sinema za kuuana?" Nilikiri. Hutazama, tena zile za zamani, ambamo mtu huporwa kila kitu mapema, kisha muda wote uliosalia akawa anadai deni lake kwa ngumi na risasi.

Tuanze na neno lenyewe. "Kisasi" tumelitoa katika Kiarabu, qisas, yaani malipo yanayolingana na kosa: jicho kwa jicho, si jicho kwa kichwa kizima. Mzizi huohuo ndio uliotupa "kisa", na miongoni mwa maana zake ni kufuata nyayo. Msimulizi hufuata nyayo za matukio. Mlipiza kisasi hufuata nyayo za mkosaji. Sidai kwamba Mswahili huukumbuka ujamaa huu anapoyatamka maneno hayo. Nadai tu kwamba sinema hizi hunoga pale kisa kinapokibeba kisasi.

Chukua Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975. Nilipoitazama nilikuwa kijana, na Kihindi hatukukijua. Mzee mmoja katika kiti cha nyuma alitufasiria kwa sauti, miaka mingi kabla DJ Afro hajaigeuza kazi hiyo kuwa riziki. Majambazi wa Gabbar Singh wanavamia kijiji. Bunduki iko miguuni pa Thakur, naye hainami kuiokota ili awasaidie waliokuja kumpigania. Ukumbi mzima ulimzomea. Mwoga huyu! Kisha tunarudishwa nyuma: tunaona maiti za jamaa zake zimefunikwa sanda, tunaona Gabbar akiinua panga, na shali ya Thakur inapoanguka tunatambua kwamba hana mikono. Hakuna aliyezomea tena. Ukatili huo una uzito kwa sababu tumeulipia kwa aibu yetu wenyewe.

Halafu Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa. "Stelingi hafi!" mtu alilalamika gizani, kana kwamba amevunjiwa mkataba. Kanuni hiyo ya stelingi asiyekufa ndiyo, kwa maoni yangu, inayoziharibu nyingi za sinema za siku hizi. Wanauawa watu themanini, hakuna hata mmoja mwenye jina, na shujaa anarekebisha tai yake. Hapo hakuna deni linalolipwa. Ni hesabu ya maiti tu.

Wenzangu hunikumbusha Death Wish ya mwaka 1974, iliyompa Charles Bronson umaarufu mkubwa, na wana haki. Mkewe Paul Kersey anauawa na bintiye anadhulumiwa, naye anaingia barabarani usiku New York kuwapiga risasi vibaka. Lakini wale vijana watatu waliomtenda hawapati kamwe. Anawaua wengine. Filamu inatushawishi tushangilie, nasi twashangilia, huku nyayo zimeshapotea kitambo. Hapa ndipo mimi huingiwa na baridi, kwa sababu mchezo huo naujua nje ya sinema. Umati unaomzingira kijana sokoni kwa kelele za "mwizi!" huwa na mawe na tairi tayari, ukimuuliza mmoja wao huyu kaiba nini, kwa nani, atakwambia ndiyo kwanza afike. Kisasi kipo, kisa hakuna.

Basi je, zipigwe marufuku? Serikali ya India ilijaribu dawa hiyo kwa Sholay. Katika mwisho wa awali, Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa filamu walikataa. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na afisa wa zamani wa polisi hakupaswa kuonekana akijichukulia sheria mkononi. Ukapigwa mwisho mwingine, polisi wakitokea dakika ya mwisho kumkamata jambazi.

Huo ndio tuliouona sisi. Tulitoka tukinung'unika, yule mzee mfasiri akiongoza. Miaka mingi baadaye niliupata mwisho wa awali, mimi profesa mzima ninayefundisha maana ya qisas, nikaurudia mara mbili.