Ile foto ya "Barabara tupu": mimi nilikuwa ndani ya gari

Wandugu, wengi wenu mumeisha kuona zile foto sita za usiku mwenzetu alizotuonyesha kwenye mkutano wa mwezi uliopita: mistari mirefu ya taa nyekundu na nyeupe, dashbodi ya gari imetulia katikati, Beni na Butembo zimekuwa kama mito ya moto. Tulipiga makofi, na mimi pia. Lakini kuna moja siwezi kuikubali, na kuna ingine aliyoitupa bure.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, juu si wote wanaijua. Aparei inafungwa kwa nguvu juu ya dashbodi, halafu inaachwa imefunguka sekunde 4 ao 8 wakati gari inatembea. Vitu vya ndani ya gari, usukani na kioo, vinatembea pamoja na aparei, kwa hiyo vinatoka safi. Taa za inje zinachora mistari. Gari ikienda kilomita 40 kwa saa, kwa sekunde 4 imeisha kupita metre 44 hivi, na taa ya butike moja inakuwa kamba. Shofere anaangalia barabara tu. Aparei inaangaliwa na mtu mwingine. Siku ile, huyo mtu alikuwa mimi.

Tulitoka Beni, kilomita kama 54, tukachelewa kwenye Kabasha juu ya lori iliyokwama. Kwetu hapa karibu na ekweta jua haingojei mtu: saa kumi na mbili na nusu giza limeisha kuingia. Tulifika Butembo watu wakirudi nyumbani, na kwenye Rue Président de la République ndipo ilitoka foto ya tatu, ile aliyoandika chini yake "Barabara tupu".

Haikuwa tupu. Nilikuwa pale! Kulikuwa na wanafunzi, kulikuwa na mama wenye mabeseni kichwani, na kulikuwa na mzee mmoja aliyesukuma chukudu ya makala mpaka tulimpita karibu sana nikashika roho. Hakuna hata mmoja wao ndani ya foto. Asiye na taa hatoi mwanga wa kutosha, na gari inampita haraka, basi aparei inamfuta. Wenye moto na magari peke yao njo walibaki.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka wa 1838 Daguerre alipiga foto ya Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirishani. Njia ilijaa watu na magari ya farasi, lakini aparei ilihitaji dakika nyingi, wote wakapotea. Alibaki mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu. Hata Richard Mosse, aliyeonyesha Kivu yetu Venice mwaka wa 2013 yenye milima ya rangi ya waridi, hakudanganya: filamu yake ilishika infraruji, na jani lenye afya linarudisha infraruji nyingi. Sisi wa agronomi tunalijua hilo. Shida inaanza pale mtu anachukua macho ya mashine anayaandikia jina kama ni macho yake.

Na jina lile, kwetu, si mchezo. Barabara tupu Butembo ao Beni ina maana yake: ni siku ya "ville morte", ao watu wamekimbia. Tangu Mei 2021 tuko chini ya serikali ya kijeshi, tunajua vizuri njia isiyo na watu inafanana namna gani. Jioni ile watu walikuwepo, wakitafuta maisha. Baba yangu mdogo alisukuma chukudu miaka mingi, na minervali yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka mule. Kumuona mzee yule amefutwa, halafu watu wanapiga makofi, iliniuma.

Sasa ile aliyoitupa. Tulipoacha lami kuingia kwenye kartie, gari ilianguka ndani ya shimo aparei ikiwa wazi. Taa zote ziliruka pamoja, mistari yote ikapinda mahali pamoja, kama mwandiko wa mtu anayetetemeka. Mwenzetu alisema imeharibika. Mimi naona njo foto peke yake kati ya zote ambayo barabara ilijichora yenyewe: unaweza kuhesabu mashimo. Tena pembeni, mama mmoja anayechoma mahindi amebaki, hafifu, juu gari ilikuwa karibu kusimama na makaa yalimuangazia uso.

Nilimuomba aiweke pa nafasi ya ile ya tatu, ao basi abadilishe maandishi. Kwa maandishi alikubali. Kwa foto alisema ameisha kuifuta ndani ya aparei. Lakini usiku ule ule alinitumia kwa WhatsApp ili tucheke; ingali ndani ya simu yangu, na siku ya mkutano nitakuja nayo.