Boksi Mpya, Viskasi Ile Ile

Tusizunguke: viskasi ile, kile kiungo cha katikati ya propela kinachopeleka nguvu nyuma, haikupaswa kurudi chini ya gari. Freelander moja ya toleo la kwanza ililetwa gereji ikiwa imekatika meno ya IRD, boksi inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Boksi ilishushwa kwa usafi, nyingine ikapandishwa, sili zikawa mpya na mafuta yakawa yanayotakiwa. Hapo fundi anastahili sifa zake.

Halafu ikaja ile dakika. Propela shafti ililazwa sakafuni, viskasi katikati yake, boliti zote zimeshafunguliwa. Mwenye gari akauliza, "Fundi, na hii je?" Fundi akaigonga kwa spana, akaitikisa, akaitazama huku na huku, akatoa hukumu: "Hii nzima bosi, haivuji." Ikafungwa.

Haivuji! Tangu lini kutovuja kukawa kipimo cha viskasi? Inayovuja huwa imelegea, haisukumi tena nguvu nyuma. Iliyokaza haitoi hata tone, na iliyokaza ndiyo inayoangamiza Freelander. Mnajua kilichomo ndani: sahani nyembamba nyingi, nusu zimeshikana na shafti, nusu na ganda, zote zimezama kwenye mafuta ya silikoni. Mwendo wa mbele na wa nyuma ukikaribiana, sahani hupishana kwa upole. Tofauti ikizidi, mafuta hupata joto, hutanuka, shinikizo hupanda, na nguvu huenda nyuma. Umri na joto huifanya silikoni izidi kuwa nzito, mpaka viskasi inakataa kuachia hata gari linapokata kona kuingia maegesho. Sahani zikikataa kupishana, lazima kitu kingine kiumie: meno ya IRD, difu ya nyuma, au beringi zinazoshika propela. Kwa maneno mengine, boksi ile iliuawa, na muuaji akarudishwa kazini siku ileile.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kipimo kilikuwa miguuni pa fundi. Shafti ilishatolewa. Angebana upande mmoja kwenye jiriwa, akafunga nondo upande wa pili, akatundika uzito na kutazama saa. Viskasi nzima hushuka polepole, bila kukwama na bila kuanguka. Isiyosogea imekufa. Inayoanguka mara moja imekufa pia, kwa ugonjwa mwingine. Muda wa chai ya saa nne ungetosha.

Na kama gari ni zima, huhitaji hata kufungua boliti. Zima injini, weka gia ya kwanza, tia kabari magurudumu mengine, achia hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Funga nondo ya mita 1.2 kwenye nati ya kati, tundika kilo 5 mwishoni, pima muda wa kushuka nyuzi 45. Andika muda huo. Rudia baada ya safari, viskasi ikiwa moto, kisha rudia mwaka unaofuata. Muda ukizidi kurefuka, unajua inakoelekea. Asiye na jeki akate usukani hadi mwisho kwenye sakafu tambarare, atie rivasi na kuliachia gari litambae. Likijifunga breki lenyewe, asingoje dalili nyingine.

Mtaniuliza kilomita. Freelander ilipangwa ili magurudumu ya nyuma yaendeshwe polepole kidogo kuliko ya mbele, tofauti isiyofika asilimia 1, kwa hiyo viskasi yake haipumziki hata kwenye lami iliyonyooka. Wanaoijua vizuri huibadilisha ikikaribia kilomita 110,000. Mimi nasema upimaji uanze kabla ya hapo, kwa sababu niliyoirudia hapa mpaka nikachukiwa: kilomita zinazosomeka kwenye gari la mtumba ni hadithi ya aliyeliuza. Nondo na uzito havirudishwi nyuma.

Tairi pia, na sitachoka. Tairi nne za kampuni nne ni hukumu ya kifo kwa viskasi. Zote ziwe za aina moja na saizi moja. Ukinunua mbili tu, mpya ziende nyuma, maana tairi kubwa huzunguka polepole na nyuma ndiko mwendo ulikopangwa kuwa mdogo. Ukizifunga mbele unaikaza viskasi kila mita. Na gari likiharibika njiani, lisivutwe likiwa limeinuliwa mbele huku tairi za nyuma ziko chini, kama propela bado imefungwa.

Kuna na wale wa "toa propela, uendeshe". Kweli, boksi itapona. Lakini ulilipia gari la kuvuta magurudumu manne, sasa unalo la mawili, na tope la masika utalipitia kwa kusukumwa.

Wazee wetu hawakuwa na mashaka haya. Discovery zilizokatiza Tanzania hadi Burundi kwenye mashindano ya Camel Trophy ya 1991 zilikuwa na boksi ya kugawa nguvu ya LT230: dereva anavuta mkono, difu ya kati inafunga, anarudisha, inafunguka. Range Rover ilipoiacha LT230 mwaka 1989 ikachukua boksi ya Borg Warner yenye viskasi, wapo walioguna, nami naguna hadi leo. Mtanikumbusha kwamba Freelander zilishiriki Camel Trophy ya Tierra del Fuego mwaka 1998. Zilishiriki zikiwa mpya.

Basi ipimwe unaponunua gari, ipimwe kila mwaka kilomita zikishapita laki, na ipimwe kabla ya kufunga tairi mpya. IRD au difu ikishakufa, hakuna cha kupima: viskasi inabadilishwa pamoja nayo, na ya mtumba isiyopitia jiriwani ihesabiwe mbovu. Wenye Subaru za gia za mkono msicheke. Viskasi yenu imo ndani ya giaboksi, na kosa hilihili kwenu ni ghali zaidi.

Fundi anayekufungia IRD na kuirudisha viskasi ya zamani bila kukuonyesha nondo ikishuka amekuuzia IRD mbili. Ya pili utailipia baadaye.